Sikio la Mgeni katika Nchi ya Usikizi

Ziko nchi za kutafutwa na ziko nchi za kuangukiwa. Usikizi ni ya kuangukiwa, na Kibwana Mwinyimvua, mwuza vitambaa mstaafu wa Pangani, aliiangukia. Namna alivyofika hatutaishughulikia. Mwenyewe akiulizwa husema alipotea. Mkewe husema alikuwa anamkimbia shemeji yake aliyekuja kukaa. Sisi tumkute ameshafika.

Jambo la kwanza lililomshangaza lilikuwa kimya. Alikuta harusi katikati ya mtaa, watu wamejaa, wanawake wamejipamba wakapambika, masinia ya pilau yanapita, na hakuna hata kigelegele kimoja. Watu walitazamana na kutabasamu. Kibwana akadhani sikio lake la kulia nalo limekufa, maana la kushoto lilikuwa limeziba tangu utotoni kwa homa, naye alikuwa akiishi kwa hilo moja tu kama mtu mwenye kandili moja. Akatia kidole, akalichokoa.

Mama mmoja akamwonea huruma. "Usihangaike, baba," alimwambia. "Nyimbo zimeshaimbwa Uani. Sasa hivi zinakunjwa. Tutazisikia mwezi ujao, Mungu akipenda."

Hivyo ndivyo alivyojifunza sheria mama ya nchi ile: sauti isiyokunjwa ni mbichi, na mtu mstaarabu hali kibichi. Wimbo, hadithi, mchezo wa kuigiza, hata kilio cha matanga, vyote hufanyiwa ndani ya Nyua Kuu zenye kuta ndefu. Wakunjaji huichukua sauti, wakaikunja kama unavyokunja kanga ya sanduku, wakaitia katika kijaluba kidogo cha kutosha kiganjani. Kijaluba hupelekwa majumbani. Kila nyumba ina chombo kiitwacho mfungulio, na kila nyumba ina vinywa ukutani. Ukitia kijaluba katika mfungulio, sauti inakunjuka, na vinywa vinasema: cha mbele kikasema ya mbele, cha nyuma ya nyuma, cha ubavuni ya ubavuni, hata ukiwa umefumba macho ukadhani umeketi katikati ya ngoma yenyewe.

Wenye nacho wana vinywa saba. Katika nyumba hizo Kibwana aliona mambo. Katikati ya sebule kuna kiti kimoja tu, kiitwacho kiti cha haki, kwa sababu mahali pale peke yake ndipo vinywa vyote hukutana sawasawa. Baba hukikalia. Mke na watoto husubiri zamu jikoni, na kuna nyumba ambamo zamu ya mke haijafika tangu alipoolewa. Maskini wana kinywa kimoja au viwili na mfungulio wa zamani uliorithiwa kwa bibi, nao hukaa wote kwenye mkeka, wakasikiliza, wakacheka kwa pamoja. Hawa walikuwa wakihurumiwa sana.

Sasa, wakunjaji wa Usikizi walikuwa wa koo mbili, ukoo wa Kilimani na ukoo wa Bondeni, na koo zote mbili ziliapa kiapo kimoja: kinachoingia ndicho kitakachotoka, hakipotei hata chembe. Hapo ndipo ugomvi wa nchi nzima ulipoanzia. Maana ukiwaambia watu kwamba vitu viwili ni sawa kabisa, kazi yao ya kwanza ni kutafuta kilicho bora.

"Sauti ya Bondeni ina mwili," walisema wengine barazani, wakiminyaminya hewa kwa vidole kama wanunuzi wa nyama.

"Ya Kilimani ina hewa," walijibu wengine. "Inapumua."

Mtu wa Bondeni alikuwa haozi binti Kilimani mpaka wazee wapatane nani ataleta mfungulio. Kibwana alipouliza kwa adabu, kama alivyozoea kuuliza wateja wake, "Mwili huo uko wapi hasa, ndugu yangu, nyuma au mbele?" walimtazama kwa masikitiko, wakamwambia kwamba kusikia si kwa kila mtu. Naye kwa sikio lake moja aliona hilo ni kweli.

Lakini wakati wa ziara yake ugomvi ulikuwa umetoka barazani ukaingia mahakamani. Ilivyokuwa ni kwamba wenye Nyua Kuu, mmoja baada ya mwingine, waliacha kuwapa kazi Kilimani. Kila Ua ulikuwa unapeleka nyimbo zake Bondeni. Watu wakajiuliza: kwa nini? Na kwa kuwa wote walishakubaliana kwamba jambo pekee lenye maana duniani ni utamu wa sauti, jibu lilikuwa moja tu: Kilimani wanapoteza sauti. Wamevunja kiapo.

Adhabu ya mvunja kiapo ni ubao wake wa kukunjia kupasuliwa mbele ya watu, na yeye kuitwa mpoteza sauti mpaka kufa kwake. Aliyeshtakiwa alikuwa mkunjaji mkuu wa Kilimani, Mwatima binti Chande, mwanamke wa makamo mwenye mikono mirefu na maneno machache. Ubao aliurithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Hakuwa na kazi nyingine anayoijua, wala hakuitaka.

Kesi ilipelekwa katika Baraza la Masikio. Husemwa penye wengi hapaharibiki neno. Waliosema hivyo hawakufika Baraza la Masikio. Lilikuwa limekaa miaka na miaka kujadili utamu, na kwa kuwa kila mjumbe alikuwa na ukoo wake, halikuwahi kuamua hata mara moja. Ndiyo maana sheria ya nchi ile, na hii Kibwana aliisifu hadi alipojua maana yake, inasema kwamba wenyeji wakishindwana, sikio la kukata shauri litakuwa la mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mgeni nchini alikuwa mmoja.

Walimfuata kwenye nyumba alikofikia. Msafara uliongozwa na mwenyekiti wa Baraza mwenyewe, Mheshimiwa Ngwali, mzee mnene mwenye vipuli vya dhahabu na sauti ya kunong'ona, maana wakubwa wa kule hawasemi kwa nguvu.

"Bwana Mgeni," alinong'ona, "nchi inaliomba sikio lako."

"Lipi?" aliuliza Kibwana, kwa kuwa kwake hilo lilikuwa swali la haki.

Mheshimiwa Ngwali alicheka kwa heshima, akadhani ni mzaha wa kigeni. "Lolote, bwana. Yote mawili ni ya kwako."

Kibwana akataka kusema. Kinywa kilifunguka. Lakini walishamvika joho jeupe na kumpigia magoti, na mtu aliyepigiwa magoti kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka sitini na kitu huwa mzito kidogo kukiri kasoro. Tusimlaumu. Yeye mwenyewe alijilaumu vya kutosha usiku ule, alipofikiri kwamba riziki ya mwanamke asiyemjua imewekwa juu ya sikio ambalo nyumbani kwake lilikuwa haliaminiwi hata kutumwa sokoni.

Asubuhi Baraza lilijaa pomoni. Katikati ya ukumbi palikuwa na kiti cha haki, na vinywa saba ukutani kukizunguka. Upande mmoja ulilazwa ubao wa Mwatima, mweusi kwa kushikwashikwa, na kando ya ubao shoka jipya. Mwatima alisimama nyuma yake. Hakulitazama shoka, aliutazama ubao tu.

Shahidi wa kwanza alikuwa Bwana Tumbwe, Mpima Mizani Mkuu wa soko. Alileta mizani. Akaweka kijaluba cha Bondeni kushoto na cha Kilimani kulia, wimbo ule ule, wa Ua ule ule, waimbaji wale wale. Cha Bondeni kikashuka.

"Wajumbe mmeona," alisema Tumbwe, akavuta pumzi kama mtu aliyetoka kubeba. "Mizani haina ukoo. Kizito kina mengi. Chepesi kimepungukiwa. Hayo mengi yaliyopungua yamekwenda wapi, binti Chande?"

Ukumbi ukavuma. Mwatima akajibu polepole, "Hayakwenda popote. Sisi tunakunja kwa kubana zaidi."

"Ahaa! Wanabana!" wakapiga kelele wa Bondeni, kama vile amekiri kuiba kuku.

Kibwana, ambaye alikuwa ameuza vitambaa maisha yake yote, aliinua mkono. "Samahani. Mimi nimeona marobota mawili ya doti zile zile, moja limefungwa na fundi na moja limefungwa na mpwa wangu. La mpwa wangu lilikuwa kubwa zaidi na zito zaidi, kwa wingi wa kamba. Tulipoyafungua, kanga zilikuwa sawa."

Bwana Tumbwe alimtazama kwa upole mkubwa. "Bwana Mgeni, kanga ni kanga. Hapa tunazungumza utamu."

Basi ikaja hukumu ya sikio. Kibwana akaketishwa. Wimbo uliochaguliwa ulikuwa wa zamani, wa kumwaga machozi, na kila mtu Usikizi aliujua kwa moyo. Walimweleza alama yake: kabla ya ubeti wa mwisho, mpiga dumbaki aliyekaa nyuma kabisa upande wa kushoto hukohoa kidogo. Kikohozi chenyewe kilikuwa maarufu kuliko wimbo. Mwenye kukisikia alihesabiwa kuwa na nyumba nzuri na sikio zuri, na watu walialikana chakula cha jioni ili wakisikilize.

Nyuma kabisa, upande wa kushoto. Kibwana akahisi jasho linamteremka ndani ya joho.

Kikafunguliwa kijaluba cha Bondeni. Sauti ikajaa ukumbini, na kwa kweli ilikuwa nzuri mno, hata Kibwana akasahau kwa muda alichoitiwa. Ubeti wa mwisho ulipokaribia akafanya jambo ambalo halijapata kufanyika pale: alisimama, akakigeuza kiti cha haki, akaketi akiwapa wajumbe mgongo, sikio la kulia likielekea pembe ile. Wajumbe wakashtuka. Mwandishi wa Baraza akadondosha kalamu. Na Kibwana akakisikia: kohoho, kidogo, kama mtu anayeomba radhi.

"Nimekisikia," alisema.

Wa Bondeni wakapiga mapaja.

Kikafunguliwa cha Kilimani. Kiti kikabaki vile vile kimegeuka. Wimbo ule ule, uzuri ule ule, ila kama umesogea hatua mbili nyuma. Ubeti wa mwisho ukaja. Kibwana akainamisha kichwa, akashika pumzi, akafumba macho.

Hakusikia kitu.

Ukumbi mzima uliona usoni mwake. Mheshimiwa Ngwali akafunga macho kwa huzuni ya kiserikali. Kijana mwenye misuli akaenda kusimama karibu na shoka. Mwatima akaweka kiganja kimoja juu ya ubao, kama unavyoweka mkono juu ya paji la uso la mtoto mwenye homa, na Kibwana, aliyekuwa bado hajasema neno, alimwona, na moyo ukamuuma sana. Alikuwa mtu mkweli. Hakikusikika, angesemaje kimesikika?

Akafungua mdomo aseme, "Hakikuwapo." Na hapohapo akamsikia mkewe, wala si kwa sikio. Miaka arobaini ndoa yao ilikuwa ikiliwa na mazungumzo yale yale. Yeye: hukuniambia tuna wageni. Mkewe: nilikwambia. Yeye: hukusema. Mkewe, mikono kiunoni: "Nilisema. Wewe hukusikia." Na kila mara, Mungu shahidi, mke alikuwa amesema.

Kibwana akafunga mdomo. Kisha akauliza, "Je, mnaweza kukipandisha sauti kidogo?"

Ombi la namna hiyo lilikuwa halijapata kusikika katika nchi ile.

"Kupandisha?" alinong'ona Mheshimiwa Ngwali.

"Mimi, waheshimiwa, ni kiziwi wa upande mmoja," alisema Kibwana, na neno lililomkaa kooni tangu jana likatoka kwa urahisi kama punje ya mchele. "La kushoto halifanyi kazi. Ilinipasa niseme mliponivika joho, nikaona haya. Lakini kiziwi ana jambo moja analolijua. Anajua kwamba sauti ndogo si sauti iliyokosekana. Mie nimeishi na watu wanaodhani nisichokisikia hakikusemwa, na wa kwanza wao ni mimi mwenyewe. Kipandisheni kidogo."

Bwana Tumbwe akaruka. "Haiwezekani! Mfungulio unaitii alama ya mfuniko! Vijaluba vyote vya Kilimani vina mkato kwenye mfuniko, na mfungulio ukiuona mkato huteremsha sauti. Ndivyo ilivyo tangu zamani!"

"Wa nini mkato huo?" aliuliza Kibwana.

Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyejua. Ikabidi aulizwe mshtakiwa, jambo ambalo halikuwa katika ratiba.

"Ni adabu," alisema Mwatima. "Mtu akitoka kusikiliza hadithi ya kunong'ona akatia kijaluba cha ngoma, anashtuka. Wazee wetu waliweka mkato ili mazungumzo ya kila kijaluba yawe na kimo kimoja, watoto waliolala wasiamke. Sauti yote imo. Mfungulio unaisema kwa upole tu. Ukitaka iseme kwa nguvu, pandisha."

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema Kibwana polepole, "mmekuwa mkilinganisha anayesema kwa nguvu na anayesema kwa upole, mkamwona wa kwanza ana mengi ya kusema."

Debe tupu haliachi kuvuma, alitaka kuongeza, lakini alikuwa mgeni, akajizuia. Sauti ikapandishwa. Wimbo ukasogea hatua zile mbili mbele. Ubeti wa mwisho ukakaribia, na katika pembe ile ya nyuma, kwa radhi ile ile, mpiga dumbaki akakohoa. Walikifungua cha Bondeni, wakarudia cha Kilimani, wakavibadilishabadilisha bila kumwambia Kibwana kipi ni kipi, kisha bila kuambiana wenyewe, mpaka mwandishi akachanganyikiwa na hakuna mtu ukumbini aliyeweza kusema wanasikiliza cha nani. Mzee mmoja wa Bondeni alilia kwa utamu, na ilipogunduliwa kuwa alilia kwa cha Kilimani akadai ni vumbi.

Basi kiapo hakikuvunjwa. Yule kijana mwenye misuli akaondoka penye shoka, amekata tamaa. Lakini swali la mwanzo lilibaki palepale, na Kibwana, aliyekuwa sasa amepata moyo wa mtu aliyekwisha kuaibika, akaliokota.

"Kama ni sawa, kwa nini Nyua zote zimekwenda Bondeni?"

"Hilo ndilo fumbo," alinong'ona mwenyekiti. "Tumelijadili tangu enzi za baba yangu."

"Mmewauliza wenye Nyua?"

Kuuliza si ujinga, tunafundishwa tungali wadogo, lakini wakubwa wa Usikizi hawakuwa wameuliza. Ilitokea kwamba Bi Kidawa, mwenye Ua mkubwa kuliko zote, alikuwa ameketi safu ya nyuma tangu asubuhi akifuma kofia. Alipoitwa alisimama na kofia yake mkononi.

"Utamu?" alisema. "Sisi utamu tunautengeneza Uani. Mkunjaji kazi yake asiuharibu, na wote wawili hawauharibu. Hilo tunalijua siku zote. Ila sheria inanitaka kila kijaluba changu kiseme katika kila nyumba, hata yenye mfungulio wa bibi na kinywa kimoja. Mfungulio wa zamani haujui mkunjo mpya wa Kilimani, unakwama. Kwa hiyo kila kijaluba cha Kilimani lazima nikifungie kamba na kijaluba kingine kidogo cha mkunjo wa kale. Kazi mbili, ukaguzi mara mbili, na kimoja kikidondoka njiani, lawama kwangu. Bondeni wao wametia kiini cha mkunjo wa kale humo humo ndani. Ni kama nazi: mfungulio wa zamani unakunywa maji yake, mpya unakula mpaka nyama. Kijaluba kimoja, nyumba zote. Nyumba za vinywa saba ni za kuhesabu, waheshimiwa. Za kinywa kimoja ndizo nchi. Na mafundi wangu wameshazoea." Akaangalia uzi wake. "Basi. Hakuna kingine."

Jibu lilikuwa dogo mno kwa ukumbi mkubwa vile. Watu waliuziana mashamba kwa ajili ya mwili na hewa, wakavunja ndoa, na hii ndiyo sababu, kamba na kijaluba cha pili? Wengi walikasirika waziwazi. Bwana Tumbwe alisema shahidi ni mfanyabiashara na hana sikio.

Mheshimiwa Ngwali, ambaye hakuwa mwenyekiti bure, aliwapa nafuu. Baraza likaandika kwamba vijaluba vyote viwili ni sawa kabisa, ila usawa wa Bondeni ni mzito zaidi. Pande zote zikapiga makofi. Jioni ile ile, barazani, Kibwana aliwasikia wakiminyaminya hewa kama kawaida.

Mwatima alirudishiwa ubao wake. Kibwana alimsindikiza mpaka Kilimani, akaubeba yeye, na njiani alitegemea angalau ashukuriwe. Mwanamke alikuwa amejiinamia.

"Sijui nikwambieje, baba yangu," alisema mwishowe, walipofika mlangoni. "Umeniokoa na nakushukuru, usinione mtovu wa shukrani. Lakini wangesema sauti yangu ni mbaya ningejua nipambane na nini. Ningekesha, ningekunja upya. Sasa wamesema haina kasoro, na kazi bado hawaniletei. Mtu afanye nini na hilo?"

Kibwana akautua ubao. Aliona huzuni kwa kweli, na akaona pia kwamba ushindi aliouleta ulikuwa kama shati zuri la kipimo cha mtu mwingine. Akaketi kwenye ngazi, na kwa kuwa hakuwa na busara ya kutoa, akauliza swali la mwuza vitambaa. Ndani ya duka lake hakuwahi kukata kitambaa bila kuuliza nani atakivaa.

"Vijaluba vyako vinafunguliwa wapi? Umepata kuketi kwenye nyumba ya kinywa kimoja?"

Mwatima akafikiri. "Hapana," alisema. "Mama yangu alinifundisha kwamba kazi yetu inaishia kwenye mfuniko."

"Mimi kwangu mambo ni hivi," alisema Kibwana. "Zawadi ya mgeni hapa kwenu, nimeambiwa, ni mfungulio wa zamani, kwa kuwa mpya hautoki nje ya nchi. Kinywa ni kimoja. Na sikio nalo, umelijua."

Mwatima akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza akamtazama, akamkagua kama fundi anavyoukagua mwili kabla ya kuchukua futi. "La kulia ndilo zima?"

"La kulia."

"Unakaa wapi ukisikiliza?"

"Kitini, karibu na dirisha. Mke wangu anakuwa jikoni na anasema nami kutoka hukohuko, ndiyo shida yetu yote."

Hakumwuliza zaidi. Siku Kibwana alipoondoka, kijaluba kilikuwa kimewekwa juu ya mzigo wake, bila neno.

Alipofika nyumbani, shemeji alikuwa ameshaondoka, alhamdulillahi. Kibwana aliupachika mfungulio wa zamani ukutani, akakitoa kijaluba mfukoni, akakigeuzageuza akitafuta kamba na kile kidogo cha pembeni, maana alijua vya Kilimani huja viwili viwili. Hakikuwapo. Akakunja uso. Akasema moyoni, kimedondoka njiani, maskini, Bi Kidawa alisema. Akapapasa mfuniko: hapakuwa na mkato. Akakitia hivyo hivyo, bila matumaini, akaketi karibu na dirisha.

Mfungulio haukukwama. Ulikuwa wimbo ule wa Barazani, lakini haukuwa umekunjwa kwa ajili ya kiti cha haki. Yote ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni yalikuwa yameletwa upande mmoja, yakapangwa kwa zamu, kila moja na nafasi yake, hakuna lililomkalia mwenzake, kama mtu aliyekwenda kuwashika mkono waimbaji wote mmoja mmoja akawaleta kulia kwa Kibwana na kuwaambia: yuko hapa, mwimbieni hapa. Tangu utotoni alikuwa akisikia nusu ya kila ngoma na kuikadiria nusu nyingine. Machozi yalimtoka, wala hakudai ni vumbi.

Ubeti wa mwisho ukakaribia. Hakugeuza kiti. Hakugeuza hata shingo.

"Umesikia?" alimwita mkewe.

"Nimesikia nini?" mkewe alijibu kutoka jikoni, alikokuwa akipepeta mchele.

"Mpiga dumbaki. Amekohoa."

Mkewe akatoka na ungo mkononi, akasimama mlangoni, akasikiliza. "Hajakohoa mtu hapa."

"Amekohoa," alisema Kibwana Mwinyimvua kwa upole mkubwa, neno alilolisubiri kwa miaka arobaini. "Wewe hukusikia."